Ukusanyaji wa Saa za Kale za Dhahabu

Ukusanyaji wa saa za kale za dhahabu ni shughuli ya kutafuta, kuchunguza na kuhifadhi saa za mkono zenye kasha la dhahabu, hasa zilizotengenezwa Uswisi kabla ya miaka ya 1970, wakati saa za betri zilipoanza kutikisa soko la saa za mtambo. Makasha mengi ni ya karati 18, yaani sehemu 750 za dhahabu safi katika kila 1,000, na shaba inapozidi katika mchanganyiko huo rangi huelekea waridi.

Thamani haitokani na uzito wa dhahabu pekee, bali zaidi na uchache, uasilia na historia ya umiliki. Kwa hiyo wakusanyaji huangalia kama nambari za kasha na za mtambo zinalingana na kumbukumbu za kiwanda, na kama uso wa saa haujapakwa rangi upya. Kasha lililong'arishwa mara nyingi hupoteza kingo zake na alama za ubora wa dhahabu, na bei yake hushuka.

Rolex 6062 ya dhahabu iliyokuwa ya Bao Dai, mfalme wa mwisho wa Vietnam, iliuzwa mnadani Geneva mwaka 2017 kwa zaidi ya faranga milioni 5 za Uswisi. Hata hivyo, Patek Philippe 1518, toleo la mwaka 1941 ambalo nakala zake nyingi ni za dhahabu, ilifikia faranga milioni 11 mwaka 2016 katika umbo lake adimu la chuma cha pua, kwa kuwa uchache hushinda madini.