Turbo Haijawahi Kuua Injini Kimya Kimya

Wasee, kila Subaru ikivutwa kwenda gereji, mwenyewe anasema turbo ni laana. Mimi nasema turbo inasingiziwa, na historia iko upande wake.

Turudi 1962, Marekani. Oldsmobile walitoa Jetfire, mojawapo ya magari ya kwanza ya turbo kuuziwa raia wa kawaida. V8 ya lita 3.5, nguvu za farasi 215. Turbo hutumia moshi wa injini kuzungusha feni inayosukuma hewa nyingi kwenye silinda. Hewa ikibanwa inapata moto, na moto ukizidi, petroli inalipuka yenyewe bila kungoja moto wa plagi uifikie. Hiyo ndiyo kunoki. Ikiendelea, pistoni inatoboka.

Wahandisi walilijua hilo. Wakaweka tangi dogo la maji na methanoli ya kupoza mchanganyiko huo. Kazi ya mwenye gari ilikuwa kujaza tu, na wengi hawakujaza. Tangi likikauka, gari lilijipunguzia nguvu ili injini isife, halafu mtu analalamika gari limekuwa zito! Baada ya 1963 Jetfire haikuundwa tena. Kampuni hata ikawatolea wateja turbo na kuwawekea kabureta ya kawaida.

Saab wa Sweden waliujua ubinadamu vizuri zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walileta APC, mfumo wenye sensa inayosikiliza noki na kupunguza presha ya turbo papo hapo. Hapa kwetu nako, Toyota Celica ya turbo ikashinda Safari Rally 1984, 1985 na 1986, kwa vumbi na matope yetu haya haya. Lakini ile ilikuwa na mafundi wanaoingoja njiani. Yako ina nani?

Sensa inasikia noki, ila haiwezi kukubadilishia oili. Turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika juu ya utando mwembamba wa oili. Ikichafuka au ikipungua, chuma kinasaga chuma. Kwa hivyo:

Moshi wa bluu? Injini inakula oili. Mlio kama misumari kwenye mkebe ukikanyaga mafuta? Inanoki, achilia mguu. Filimbi mpya, nguvu imepotea? Kagua paipu za hewa na turbo yenyewe. Taa ya oili ikiwaka, zima gari hapo hapo. Asubuhi usilikimbize kabla oili haijapata joto, na ukitoka kulikimbiza, endesha pole pole dakika chache kabla ya kuzima, la sivyo oili itaungulia ndani ya turbo.

Na wewe unayeongezewa presha kwa kompyuta ndio gari lipige makelele mtaani, jua unapunguza ule ulinzi uliobuniwa baada ya Jetfire. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa injini unajengwa kwa mkopo wa sacco.