Klachi, Gerezani na shule ya uhaba

Wadau, nimekuwa kimya wiki mbili. Nilikuwa nagombana na Peugeot 504 niliyoachiwa na marehemu baba, gari iliyonizidi umri. Iligoma kuingia gia katikati ya Mtaa wa Msimbazi, foleni nyuma yangu, makondakta wakinipa majina nisiyoweza kuyaandika hapa.

Gereji ya kwanza (sitaitaja) fundi hakugusa hata pedeli. Alisikiliza nusu ya maelezo yangu, akatoa hukumu: "Bosi, klachi imekwisha hiyo. Tushushe gia boksi, ununue seti nzima." Seti maana yake klachi plati, presha plati na rilizi beringi. Nikapiga hesabu ya mshahara wangu wa uandishi, nikaomba muda wa kufikiri.

Jioni nikaikokota gari hadi Gerezani kwa mzee mmoja aliyekuwa rafiki wa baba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Ingia, washa."

Hakufungua boneti. Akaniambia nivute hendibreki, niweke gia ya tatu, niachie klachi taratibu. Injini ikazima palepale. "Plati yako nzima," akasema. "Ingekuwa inateleza, injini ingeendelea kunguruma na gari imesimama."

Kisha: "Kanyaga, usikilize." Kelele inayotokea ukikanyaga, lawama ni ya rilizi beringi. Kelele inayopotea ukikanyaga, tafuta beringi ya gia boksi. Yangu ilikuwa kimya.

Mwisho: "Kanyaga harakaharaka mara tatu, halafu weka rivasi." Gia ikaingia bila ubishi! Mzee akachungulia chini. Silinda ndogo ya klachi ilikuwa imelowa. Sili za mpira zimechoka, mafuta yanavuja, pedeli haina nguvu ya kuachanisha plati na injini. Ugonjwa ndio huo. Sili mpya na mafuta mapya havikufika hata bei ya plati peke yake.

Nikamuuliza alijifunza wapi. Akacheka: "Kwenye njaa ya spea."

Jibu hilo limenifanya nirudi kwenye historia ya mitaa hii. Jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza waliokuwa na kambi hapo baada ya mji kutekwa mwaka 1916. Walibeba shehena kichwani kwa sababu porini magari yalikwama na wanyama wa mizigo walikufa. Mtaa uliopewa jina la watu waliofanya kazi ya magari ndio leo unaouza vipuri vya magari.

Lakini shule ya mzee ilikuja baadaye. Serikali ilitaifisha kampuni ya mabasi ya DMT mwaka 1970, na mwaka 1974 ikazaliwa UDA. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda duniani tangu 1973. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977. Vita vya Kagera vikafuata, 1978 hadi 1979. Fedha za kigeni zikakauka, na spea ikawa kitu cha kusubiri kwa miezi au kutafuta kwa magendo.

Katika hali hiyo, anasema mzee, fundi aliyekisia alikuwa hatari. Ukishusha gia boksi bure, umepoteza siku na pengine umeharibu sili ambayo huipati tena. Kwa hiyo ulipima kwanza kwa mguu, kwa sikio, kwa pua. Plati iliyolika haikutupwa: laini yake ilivuliwa, nyingine ikapigiliwa kwa ribiti.

Mwaka 1983 serikali ikaruhusu mabasi ya watu binafsi, daladala, jina ambalo wengi hulihusisha na nauli ya shilingi tano, yaani "dala". Gari imejaa, kituo kila hatua chache, mguu wa dereva haubanduki kwenye klachi. Mafundi walipata darasa la kila siku. Mwaka 1984 waliokuwa na fedha zao za kigeni wakaruhusiwa kuingiza bidhaa, na 1985 Mwinyi akaingia Ikulu. Mlango ukafunguka: magari yaliyotumika kutoka Japani, spea kutoka Dubai.

Leo Kariakoo unapata seti ya klachi kabla chai haijapoa. Nadhani ndipo tulipoanza kukisia. Spea ikiwepo, kosa la fundi hulipwa na mwenye gari.

Sisemi tuutamani uhaba, jamani. Uhaba huohuo uliwaacha watu vituoni saa nzima bila basi. Na laini zile nyingi zilikuwa na asbestosi. Mafundi walipuliza vumbi lake kwa mdomo, bila kujua kwamba linaua mapafu. Mzee mwenyewe anakohoa, na wala hataki kuliongelea.

Ninachosema ni kwamba ule ujuzi ulinunuliwa kwa bei kubwa, na sasa unaondoka na wenyewe. Vijana tunaendesha otomatiki, mguu wa kushoto hauna kazi. Mzee hana mwanafunzi.

Basi ukiambiwa klachi imekwisha, kabla hujatoa pochi, muulize fundi swali moja tu: umejuaje? Jumamosi narudi Gerezani, safari hii na daftari.