Sumu ya Miguu Mitano (Sehemu ya 3)

ILIPOISHIA: Bibi amekataa katakata mjukuu wake anyweshwe maji ya chumvi na sukari.

ENDELEA...

"Mtoto anaharisha, na nyie mnamwongezea maji?" Bibi alikificha kikombe ndani ya kitenge.

Ilikuwa mwisho wa Julai 1994, ndani ya hema huko Munigi, nje kidogo ya Goma. Kati ya tarehe 14 na 18 tuliikimbia Gisenyi, watu 500,000 hadi 800,000, tukavuka mpaka kwa miguu. Maji tulichota Ziwa Kivu, palepale tulipofulia. Ardhi ni mawe ya volkano matupu. Hapachimbiki choo wala kaburi.

Daktari alichuchumaa. Kwa kipande cha mkaa akachora juu ya boksi la dripu: miguu mitano, kichwa kimoja.

"Hii ndiyo sumu ya kipindupindu, mama. Mdudu mwenyewe hubaki utumboni, nje ya seli, akaitema. Miguu hii inatafuta mafuta yenye sukari yaliyochomoza juu ya seli, yanaitwa GM1. Ikiyakamata haibanduki. Seli yenyewe inaivuta ndani, kichwa kinachomoka, kinalazimisha chumvi itoke bila kukoma. Maji yanaifuata. Mtu mzima anaweza kumwaga lita nzima kwa saa."

"Sasa ya kunywa ya nini?"

"Kuna mlango wa pili, sumu haiugusi. Sukari na chumvi zikifika pamoja, seli inazipokea, na maji yanaingia nazo."

Bibi aliutazama mchoro, akakitoa kikombe. Kijiko kimoja, kingine, usiku kucha. Hadi leo nikimsikia mtu anayadharau maji yale namtazama tu.

Kulipopambazuka mtoto alifumbua macho. Ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi upesi. Bibi akacheka. Nikaivuta ndoo chini ya kitanda kilichotobolewa katikati, nikaimwage.

Yale maji meupe ya mchele hayakuwamo. Mlikuwa na kamasi, na damu.

Daktari aliligeuza boksi upande wa pili, akachora tena: miguu mitano, kichwa kimoja.

"Ndugu yake," alininong'oneza. "Sumu ya Shiga, ya kuhara damu. Hii haihangaiki na GM1. Inatafuta Gb3, nayo imejaa kwenye mishipa midogo ya figo. Ikiingia, seli inashindwa kutengeneza protini, inakufa." Akamgeukia Bibi. "Mama, damu hii imeanza leo?"

Bibi aliinamisha kichwa. "Ilianza tulipovuka mpaka. Nilifua nguo zake usiku, msije mkatutenga."

"Na mkojo? Amekojoa lini?"

"Tangu juzi sijauona."

Je, figo za mtoto bado zinafanya kazi? Usikose Jumamosi ijayo: vidonge vilivyokuwamo hemani, na mdudu aliyekwisha kuvizoea.