Namirembe: Makanisa ya Miti Yaliyoliwa na Mchwa

Mtu wa Hirbadaw, kule Hanang, hahitaji kufundishwa nyumba ya miti ni kitu gani. Tembe la Wairaqw limesimama juu ya nguzo: boriti zinalazwa juu yake, fito zinapangwa, kisha udongo unashindiliwa mpaka paa linakuwa bapa, na upande mmoja wa nyumba umechimbiwa kwenye mteremko. Adui wa tembe naye anajulikana. Ni mchwa, na anaanzia chini, pale nguzo inapoingia ardhini. Ndiyo maana, katika makanisa yote ya kale ya Afrika Mashariki, linalonigusa zaidi ni la kilima cha Namirembe, Kampala, ambalo limejengwa mara tano.

Wamisionari wa kwanza wa Kianglikana walifika kwa Kabaka Mutesa wa Kwanza mwaka 1877. Chini ya mwanawe, Mwanga, waumini waliuawa, na Askofu James Hannington naye akauawa Busoga mwezi Oktoba 1885. Mambo yalipotulia kidogo, mwaka 1890, lilijengwa kanisa la watu 800. Lilikuwa mahali penye majimaji, likaachwa mwaka uliofuata. Waumini wakapanda kilimani.

Kanisa walilojenga huko juu, likafunguliwa Julai 1892, lilikuwa msitu uliohamishwa. Mamia ya miti mizima yalisimamishwa kama nguzo. Magogo makubwa yalitoka mbali, yakabebwa mabegani na makundi ya watu, maana gari la kukokotwa halikuwapo. Kuta zilikuwa za matete na paa la nyasi. Mwisho wa mwaka huohuo mabaki ya Hannington yakaletwa kuzikwa hapo. Mwaka 1894 ikaja dhoruba, na jengo lote likaanguka. Kazi ya maelfu ya mikono ilidumu miaka miwili na kitu.

Anayetaka kuona ustadi wa mafundi wa Kiganda kwa karibu aende Kasubi, kilima cha jirani, kwenye makaburi ya Makabaka. Nyumba kuu ya hapo ilijengwa mwaka 1882, ikaungua Machi 2010, na imejengwa upya kwa mtindo wake wa asili. Ukiingia na kuinua macho, unaona duara ndani ya duara, pete 52 za dari, moja kwa kila ukoo wa Waganda. Nguzo zimevishwa nguo ya magome ya mti, na nyasi za paa zinashuka karibu kugusa chini. Jengo hilo la duara ni la wafalme na kanisa lilikuwa la ibada, lakini matete, nyasi na miti ni vilevile. Ujenzi wenyewe ulikuwa wa Kiganda.

Kanisa la tatu likafuata, la watu 4,000. Hilo upepo haukuliangusha. Mchwa walilitafuna mpaka watu wakaogopa kukaa chini ya paa lake, na ikaamuliwa kujenga kwa matofali ya kuchoma. Kanisa la nne likawekwa wakfu mwaka 1904. Kuta sasa zilikuwa salama, ila paa lilibaki la nyasi, na Septemba 1910 radi ikalipiga, likateketea. Hili la sasa, lenye kuba na vigae, lilijengwa kati ya 1915 na 1919.

Tusiseme kwa haraka kwamba mti haufai kwa kanisa. Wanorwe, ambao wamisionari wao walijenga hospitali ya Haydom katika miaka ya 1950, si mbali na Hirbadaw, wanasali hadi leo katika makanisa ya mbao ya karne ya 12. La Borgund lina zaidi ya miaka 800. Nao walianza kwa kuzika nguzo ardhini; chini ya sakafu ya kanisa la Urnes yamekutwa mashimo ya nguzo za kanisa lililotangulia. Zilioza. Ndipo mafundi wakaacha kuzizika: wakapanga mawe, juu yake wakalaza boriti nene kuzunguka jengo, na nguzo zikasimama juu ya boriti hizo, mbali na unyevu, kisha mbao zikapakwa lami. Baridi iliwasaidia, na mchwa hawakuwa nao. Hata hivyo makanisa hayo, ambayo zamani yalikuwa mamia, leo hayafiki 30. Mengi yalibomolewa na waumini wenyewe katika karne ya 19 ili wajenge makubwa zaidi. Mchoraji J. C. Dahl alichapisha michoro ya baadhi yake mwaka 1837, na mwaka 1844 kikaundwa chama cha kuyatetea.

Makanisa mengi ya vijijini kwetu, Mbulu na Hanang yakiwemo, yalianza kwa miti na udongo kabla ya tofali na bati. Siku linapofunguliwa jipya, la zamani hugeuzwa stoo au kuni. Naomba parokia na sharika zifanye jambo moja kabla ya hapo: zipime jengo, zipige picha nguzo na maungio yake, ziandike mti ulikatwa wapi na ulibebwa na nani, na karatasi hizo zitunzwe pamoja na daftari la ubatizo.