Kipimo cha eko kwa mwenye betri ya moyo

Bibi ana betri ya moyo, na akipanda ngazi kifua kinambana. Hawezi kukimbia kwenye mashine, na kipimo cha umeme wa moyo hakisomeki vizuri kwa sababu ya betri. Mtaalamu anaweza kuiongeza kasi betri yenyewe akiwa nje ya mwili, kidogo kidogo. Kwa mtu wa miaka 60, lengo la kawaida ni mapigo 136 kwa dakika. Wakati huo eko inaonyesha msuli wa moyo: sehemu isiyopata damu ya kutosha hujikunja kivivu. Kisha kasi inarudishwa.

Mama, mwambie bibi aseme mara tu kifua kikibana, asivumilie. Beba kadi ya betri na dawa zake zote. Usimwachishe dawa yoyote mpaka daktari aseme.