Nyumba, Kibanda na Thamani: Mizani ya Rangi Iliyobaki Katika Maneno

Ukiuliza bei ya kiwanja Nyahanga, mojawapo ya kata za Manispaa ya Kahama, utasikia maswali kabla ya kusikia fedha. Kimepimwa? Kina hati? Kilicho juu yake ni nyumba ya matofali ya kuchoma au ya udongo? Mtaa wenyewe umepangwa, au ni uswahilini? Ni maswali ya kawaida ya sokoni, na anayeyauliza hana kosa. Lakini kila moja lina umri mkubwa kuliko muulizaji, na mengine yana asili ambayo angeshtuka kuijua.

Hoja ya makala haya ni moja. Mizani tunayotumia kuzithamini nyumba zetu ilitengenezwa, kwa sehemu kubwa, ili kuwapanga watu kwa rangi. Sheria za rangi zilifutwa. Mizani yenyewe haikuvunjwa: ilibadilisha mavazi, ikajificha katika majina ya mitaa na ya vifaa vya ujenzi. Na kwa kuwa imejificha katika maneno, wapenzi wa lugha tuna wajibu wa kuitafuta humo.

Tuanze na neno lenyewe. Thamani tumelipokea kutoka Kiarabu, sawa na bei. Kiswahili kikalizalia kitenzi kuthamini, kikakipa kazi mbili: kukadiria kitu kwa fedha, na kukiona kitu au mtu kuwa na heshima. Anayemthamini mama yake na anayeithamini nyumba ya jirani kwa ajili ya mkopo wanatumia kitenzi kimoja. Ndugu yake ni fidia, ambayo kabla ya kuingia katika makaratasi ya ardhi ilikuwa mali inayotolewa kumkomboa mateka. Kwa hiyo asili ya lugha yetu haikutenga bei na utu. Utengano huo uliletwa na historia ya miji yetu.

Mwaka 1891 utawala wa Kijerumani ulitunga kanuni ya ujenzi ya Dar es Salaam iliyougawa mji kwa aina za majengo. Sehemu moja ilitengwa kwa nyumba za mawe za mtindo wa Ulaya. Nyingine ikaachiwa majengo ya miti na udongo. Waingereza walipoupokea mji huo waliufuata mgawanyo huo, na mwaka 1924 wakaupanga katika kanda tatu. Kanda ya kwanza ilikuwa ya makazi ya Wazungu, ya pili ya biashara na makazi ya Wahindi, ya tatu ya Waafrika, yaani Kariakoo na maeneo yaliyoizunguka. Kati ya kanda ya pili na ya tatu uliachwa uwanja mtupu, Mnazi Mmoja, uwe mpaka.

Tanganyika ilikuwa nchi iliyodhaminiwa na Shirikisho la Mataifa, na kubagua waziwazi kwa maandishi kungeleta maswali. Njia iliyopatikana ilikuwa kutaja aina ya nyumba badala ya aina ya mtu. Ukanda ulidai jengo la kiwango fulani. Mwenye uwezo wa kulijenga alijulikana kabla hajaomba kibali. Hivyo rangi ya ngozi ikatafsiriwa kuwa rangi ya ukuta.

Wakazi hawakuhitaji kusoma kanuni hizo ili kuzielewa. Walizipa majina: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Tazama jinsi sarufi ilivyofanya kazi ya ramani. Kiambishi u- kilikusanya hali na watu. Kiishio -ni kikawaweka mahali. Si maneno yaliyobuniwa ofisini. Ni ushahidi wa watu waliouona mji ulivyo, wakautaja bila kuupamba. Mbeya na Dodoma wanayo Uhindini yao hadi leo. Na Majengo, jina lililoshika katika mitaa ya Waafrika ya miji mingi, utalikuta Moshi, Dodoma, Mombasa na Nairobi. Kahama nayo ina kata ya Majengo, si mbali na Nyahanga.

Sasa tulitazame neno nyumba. Mwaka 1898 Wajerumani walianza kutoza kodi kwa kila nyumba ya mwenyeji, na Waingereza wakaendelea nayo. Katika Kiingereza cha sheria, makazi ya Mwafrika hayakuitwa kwa neno lile lile lililoita makazi ya Mzungu. Yalipewa neno dogo, ambalo kwa Kiswahili tungelisema kibanda. Lakini Mswahili hakuwa na neno dogo kwa ajili ya kwake. Nyumba ya Kariakoo ilikuwa na baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande na ua nyuma. Kuta zilikuwa za miti na udongo, paa la makuti, baadaye la madebe yaliyofumuliwa au bati. Ilipangishwa, ilirithiwa, ilifanyiwa arusi na matanga. Mwenyewe aliiita nyumba. Kibanda kwake kilikuwa mahali pa kuuzia machungwa.

Udongo nao haukuwa na dhambi. Kwihara, karibu na Tabora, kusini mwa Kahama, ipo tembe ambamo Livingstone alikaa mwaka 1872, baada ya kufika hapo pamoja na Stanley. Leo ni makumbusho. Tembe ni jengo la udongo, paa lake likiwa tambarare, la udongo pia. Udongo huo ulitosha kumhifadhi mgeni aliyetukuzwa Ulaya nzima. Miaka michache baadaye, udongo wa aina hiyo hiyo ukawa sababu ya kusema kwamba jengo la mwenyeji si la kudumu.

Jambo la tatu lilikuwa ardhi iliyo chini ya nyumba. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 iliitangaza ardhi ya Tanganyika kuwa ya umma chini ya mamlaka ya Gavana. Kulikuwa na hati za kumiliki kwa muda usiozidi miaka 99, zilizoandikwa na kupimwa, na wageni ndio waliokuwa tayari kuziomba. Haki ya mwenyeji anayekaa kwa mila na desturi ilitambuliwa katika marekebisho ya mwaka 1928, lakini kama haki ya kudhaniwa, isiyo na karatasi. Tangu miaka ya 1920 pia kulikuwa na sheria iliyozuia Waafrika kukopeshwa na wasio Waafrika bila kibali, ikielezwa kuwa ni ya kuwalinda. Ukiziunganisha sheria hizo utaona kazi yake: nyumba ya Mwafrika ilikaa juu ya ardhi isiyo na hati, ikajengwa kwa vifaa visivyohesabika kuwa vya kudumu, na isingeweza kuwekwa rehani. Baada ya hayo afisa angeweza kusema, bila kudanganya, kwamba nyumba hiyo haina thamani kubwa. Thamani ilikuwa imekwisha kuondolewa kabla ya yeye kufika na daftari lake.

Zanzibar walilijua hilo kwa njia yao. Ng'ambo, upande wa pili wa hori kutoka Mji Mkongwe, maskini wengi walimiliki kuta na paa, lakini ardhi ikawa ya wengine waliodai kodi ya kiwanja. Mwaka 1928 wakazi wakagoma kuilipa. Bara, mwaka 1951, Wameru wapatao elfu tatu waliondolewa Engare Nanyuki ili mashamba 13 wapewe walowezi wa Kizungu. Mwaka 1952 Japhet Kirilo alikwenda kuyasema hayo mbele ya Umoja wa Mataifa. Mgomo na malalamiko hayo yalikuwa mabishano juu ya thamani: ni nani anayesema mahali pangu pana uzito gani?

Tusidhani kwamba jambo hili lilikuwa letu peke yetu. Nchini Marekani, shirika la serikali la mikopo ya nyumba lililoundwa mwaka 1933 lilichora ramani za miji kwa rangi nne: kijani kwa mitaa bora, kisha buluu, manjano, na nyekundu kwa mitaa iliyohesabiwa kuwa ya hatari. Mitaa ya Wamarekani Weusi ilitiwa nyekundu. Ramani hizo ziliwekwa kando zamani, lakini mwaka 2020 nyumba ya familia ya Weusi huko Marin City, California, ilithaminiwa dola 995,000. Wenyewe wakaondoa picha zao ukutani, wakamwomba rafiki Mzungu awapokee wathamini kana kwamba nyumba ni yake. Nyumba ile ile, wiki chache baadaye, ikathaminiwa dola 1,482,500. Huko jicho la mthamini lilikwenda kwenye picha iliyo ukutani. Kwetu lilifundishwa kutazama ukuta wenyewe.

Uhuru ulipokuja, kanda za rangi zilikwisha, na umiliki wa kudumu wa ardhi ukafutwa mwaka 1963. Hayo yalikuwa mageuzi makubwa. Lakini wazo moja la zamani lilipita mpakani bila kukaguliwa: kwamba ardhi tupu haina bei, na kinacholipwa ni maendelezo yaliyo juu yake, yaani jengo, miti, mazao. Kwa mwenye nyumba ya zege, kanuni hiyo ilikuwa na nafuu. Kwa mwenye tembe na malisho, ilikuwa kumwambia kwamba umri wake wote mahali pale ni sifuri yenye makuti.

Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kesi iliyotokana na mgogoro wa ardhi katika kijiji cha Kambi ya Simba, Mbulumbulu, mkoani Arusha. Wakili wa Serikali alitetea sheria ya mwaka 1992 iliyofuta haki za kimila za wananchi katika vijiji vilivyoanzishwa. Mahakama iliona kwamba kukubali hoja za upande huo kungewafanya wakazi wengi wa Tanzania Bara wawe kama wavamizi katika nchi yao wenyewe. Ikaamua kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Kisha ikaongeza jambo ambalo kila mthamini anapaswa kulijua kwa moyo: hata pasipo na maendelezo yanayoonekana, ikiwa mtu ameitolea ardhi jasho lake, anastahili fidia ya haki. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001, zikakiri kwamba maslahi katika ardhi yana thamani, na kwamba fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Thamani ya soko, posho ya usumbufu, posho ya usafiri na posho ya makazi vyote vikaandikwa.

Turudi Kahama. Hapa dhahabu imelifanya neno thamani lisikike kila siku. Mwaka 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, wakati huo ndani ya Wilaya ya Kahama; hoja kubwa dhidi yao ilikuwa kwamba walikuwapo kinyume cha sheria. Mgodi wa Buzwagi ulianza uzalishaji mwaka 2009, ukafikia mwisho wa uzalishaji mwaka 2021, na mji umekua kuzifuata nyakati hizo. Katika nchi ya namna hii mthamini hupita mara kwa mara: kwa ajili ya mgodi, barabara, benki au mirathi. Ni Mtanzania mwenzetu, haulizi kabila wala rangi, na sheria ya mwaka 2016 inamtaka awe amesajiliwa. Lakini anapokadiria jengo kwa gharama ya kulijenga upya, kisha akatoa uchakavu, nyumba ya udongo hutoka na kiasi kisichoweza kumjengea mwenyewe chumba kimoja mahali pengine. Hesabu ni sahihi. Kipimo ndicho cha kale.

Na kuna vitu ambavyo kipimo hicho hakivioni. Wasukuma wana ngitili: eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili majani yakue, mifugo ipate chakula kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, uliirudisha miti mkoani kwa kuutegemea utaratibu huo. Ngitili haina ukuta, haina bati, haina shina lililopandwa kwa mstari. Maendelezo yake ni kujizuia: miezi ya kuwarudisha ng'ombe nyuma wakati majani yako mbele ya macho yao. Hilo nalo ni jasho, ingawa halikuinua tofali.

Sisemi tuache kupima viwanja, wala kwamba nyumba ya matofali ni usaliti. Kila mzazi wa Nyahanga anayechoma tanuri la matofali anajenga kwa ajili ya wanawe, na anajenga vema. Nasema tusikilize midomo yetu. Tunapotamka uswahilini kwa maana ya mahali pasipo na bei, tunaisoma ramani ya mwaka 1924 kwa sauti yetu wenyewe. Na katika daftari la fidia, neno la muda likiandikwa mbele ya nyumba iliyozaa vizazi vitatu, muda huo ni wa nani?

Nimalizie kwa ubeti mmoja, kama ilivyo ada ya uwanja huu:

Nyumba naiita nyumba, japokuwa ya udongo,
Humo babu alichimba, msingi pasi uongo,
Usiipime kwa kamba, ukasahau mgongo,
Thamani haina rangi, wala haivai bati.