Feni ya kipakatalishi inapovuma bila kupumzika

KIPAKATALISHI ambacho feni yake huvuma hata mwenyewe anapoandika barua ya ukurasa mmoja huwa kinatoa habari: joto limekosa njia ya kutokea. Feni yenyewe mara nyingi haina hitilafu. Kuinyamazisha kwa programu au kuikatia waya kwa sababu ya kelele ni kumfukuza mlinzi ilhali mwizi yumo ndani. Kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo au cha Tom Mboya aliyenunuliwa mashine ya mtumba kwa akiba ya nyumbani, bodi kuu ikiungua masomo nayo huyumba.

Prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, huzalisha joto kila inapofanya kazi. Joto hilo hupokewa na kibamba cha shaba kilichopakwa grisi maalumu, likasafirishwa kwa mrija mwembamba hadi kwenye mapezi ya chuma yaliyo ukingoni, na hapo feni hulipuliza nje. Kihisi kikigundua kuwa joto limepanda, feni huamrishwa kuongeza kasi. Prosesa nyingi za Intel zina kikomo cha nyuzi 100 hivi za Selsiasi. Zinapokifikia hujipunguzia kasi zenyewe, na ndipo mashine huanza kutambaa kama kobe.

Kaunti za Homa Bay na Migori zina mazingira yanayozidisha tatizo hili. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na mji wa Homa Bay umekaa ufuoni mwake. Katika mwinuko huo hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 10, hivyo feni hulazimika kuzunguka zaidi ili kuondoa joto lile lile. Ongeza hapo jua la alasiri juu ya paa la mabati lisilo na dari. Upande wa Migori kuna vumbi la barabara za udongo, na huko Nyatike kuna pia la mawe yanayosagwa kutafutwa dhahabu. Kando ya ziwa, vijidudu huibuka majini kwa makundi mfano wa moshi na kufuata taa usiku. Anayefanya kazi dirishani huku taa ikiwaka huwaalika hadi kwenye matundu ya mashine. Vumbi, nyuzi za nguo na mabaki ya wadudu hushikamana kati ya feni na mapezi, yakawa kama kipande cha blanketi.

Kabla ya kumwendea fundi, mtumiaji anaweza kupima kwa kiganja. Mashine iwekwe juu ya meza ngumu, si kitandani wala juu ya leso, kisha mkono uwekwe penye tundu la kutolea hewa. Hewa ikitoka kwa nguvu na ikiwa moto, njia ni safi. Ni kazi iliyozidi. Ikitoka kwa unyonge ilhali feni inavuma, mapezi yameziba. Ikitoka kwa nguvu lakini ni ya baridi, ilhali mashine imepungua kasi na sehemu yake ya chini inachoma, huenda grisi imekauka na joto halifiki kwenye mapezi.

Kazi iliyozidi huchunguzwa kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja katika Windows. Orodha itakayofunguka huonyesha programu inayoila prosesa. Mara nyingi ni kivinjari chenye kurasa 30 zilizosahauliwa. Ikiwa ni jina geni linalofanya kazi hata mashine ikiachwa pekee, kirusi kishukiwe, hasa kwa wanaotumia Windows 10, ambayo Microsoft ilikoma kuipa huduma ya kawaida ya usalama Oktoba 14, 2025. Katika mipangilio ya umeme, kushusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99 huizuia mashine nyingi kujiongezea kasi ya ghafla, na kelele hupungua pakubwa. Anayehariri video ataona tofauti. Mwandishi wa barua hataiona.

Kusafisha kunahitaji uangalifu zaidi. Mashine izimwe na chaja ichomolewe. Ikifunguliwa, betri nayo itenganishwe. Feni ishikiliwe kwa kijiti ili isizunguke inapopulizwa, kwa sababu ikizungushwa kwa kasi kupita kiasi huweza kuharibu mhimili wake. Pampu ya kujazia magurudumu isitumike kamwe: hewa yake hubeba maji na mafuta. Mashine ikifunguliwa ndipo grisi ya zamani ifutwe na mpya ipakwe kidogo tu. Fundi anayepuliza kwa nje pekee huenda akalirudisha lile blanketi ndani, likagandamana upya.

Sehemu ya chini ikiwa imefura, hilo ni tatizo la betri wala si la feni. Mashine izimwe, isichajiwe tena, na betri hiyo isitobolewe.

Anayenunua kipakatalishi kilichotumika aombe kiwashwe kwa dakika 20, video ikicheza, kabla ya kutoa fedha. Muuzaji akiharakisha kukizima baada ya dakika tano, kuna maduka mengine.